Boti Iliyoshuka Mlima kwa Mabega

Boti yetu ilikaa uani kwangu, Mbinga mjini, kati ya migomba na banda la kuku, muda mrefu kiasi kwamba majirani waliacha kunisalimia kawaida. Nilikuwa naulizwa tu, "Mama, gharika lini?" Mwingine anataka kujua kama wanyama wameshaandikishwa wawili wawili. Nilikuwa nacheka meno ya nje, maana aliyeileta si mimi. Ni mume wangu, mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa ziwani, aliyekwenda Songea kusahihisha mitihani akarudi na boti ya faiba imekaa juu ya tela, inavutwa na gari la mtu. Aliyemuuzia alikuwa anafugia bata ndani yake. Jamani, ile harufu! Niliisugua kwa majivu na sabuni mpaka nikafikiria kuwachukia bata wote wa mkoa.

Nilimuuliza boti ya nini huku milimani. Akasema ya uvuvi. Nikamwambia wewe ukibeba madaftari ya darasa moja unalalamika mgongo, nyavu utazivuta na nini? Mume wangu akishindwa hoja husafisha miwani, na siku hiyo aliisafisha sana.

Basi boti ikakaa, mpaka mama mkwe alipopiga simu.

Mama mkwe anaishi Mbamba Bay, hatua chache kutoka majini. Ana mdogo wake mmoja tu aliyebaki, mjane, anayeishi kijiji cha nyuma ya mlima unaoingia ziwani. Ukisimama ufukweni kwa mama mkwe unauona ule mlima, lakini huwezi kuuzunguka kwa miguu kama nyonga zako zimechoka, na za mama mkwe zilichoka zamani. Pikipiki hawezi kupanda. Mtumbwi aliapa hataingia tena tangu ulipombinua, na ukimwona mama mkwe alivyo na mwili wake wa heshima, utaelewa mtumbwi nao uliapa. Boti ya abiria iliyokuwa inapita kule ilikufa injini ikaachwa mchangani. Na simu haisaidii, kwa sababu mdogo mtu masikio yamekuwa mazito, wakipigiana ni kelele tu, huku "nini?", kule "nani?", mpaka salio linakwisha.

Siku hiyo mama mkwe hakupiga kelele. Alisema kijana wa mdogo wake amepanga kuja Jumapili kumchukua mama yake, akaishi naye Mbeya moja kwa moja. Njia yao haipiti Mbamba Bay. Inapanda mlimani na kutokea upande mwingine. Akasema, "Mwanangu, yule akienda Mbeya, mimi na yeye tumeshazikana. Nataka nimwone kabla. Ile boti yenu ya bata inaelea?"

Nilisema inaelea, ingawa sikuwa najua. Ilikuwa Jumatano.

Sasa niseme ukweli: mimi na maji hatupatani. Nimezaliwa Maguu, kwenye kahawa, ambako maji yana adabu zao, yanapita bondeni na wewe unakaa juu. Lakini kuendesha gari najua. Pikapu ni yangu, nabebea mbolea kwenda shamba na kahawa kurudi, na mume wangu leseni hana. Kwa hiyo kazi ya kuishusha boti ziwani ilikuwa yangu, hata bila kikao.

Nikamwita fundi alitazame tela. Lilikuwa na magurudumu mawili, yote yamezama kwenye udongo wa uani kama yameota mizizi. Tuliliinua kwa jeki, fundi akazungusha gurudumu la kulia, likatoa sauti ya mtu anayesaga mchanga kwa meno. Akafungua. Grisi ndani ilikuwa ngumu kama ugali wa jana, na zile beringi, vile vyuma vinavyofanya gurudumu lizunguke bila kujisugua, zilikuwa na kutu. Akaweka mpya. Upande wa kushoto akafungua, akapangusa, akapaka grisi, akasema huu bado mzima, utafika hata Malawi. Nilijua kabisa kwamba magurudumu yaliyolala pamoja kwenye tope moja hayawezi kuwa moja mzima na moja mgonjwa. Lakini fundi alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na haraka zaidi, nikaitikia.

Siku hizi hakuna fundi wa kunidanganya. Kabla ya safari nainua mwenyewe kila gurudumu, nalizungusha, nasikiliza. Nalishika juu na chini nalitikisa; likicheza, nati inakazwa, kisha inalegezwa kidogo sana, maana ukikaza kwa hasira unaziunguza beringi. Grisi naijaza mpaka ile ya zamani itoke yote na mpya ianze kuchungulia. Tela likipaki, nalipandisha juu ya mawe ili matairi yasikae na uzito, na nayafunika magunia jua lisiyapasue. Na tukifika ziwani hakuna kuliingiza majini likiwa bado la moto, kwa sababu chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinayafyonza yaingie ndani, na grisi yako inageuka uji. Tunakunywa chai kwanza. Wakwe wanadhani napenda chai sana.

Hayo yote niliyajua baadaye. Ijumaa ile nilichokijua mimi ni kwamba naenda ukweni, na mkono mtupu haulambwi. Mwanamke wa Kimatengo haendi kwa wakwe akipunga mikono. Na kule ziwani wanakula ugali wa muhogo, nami huwa nawatania kwamba nawapelekea mahindi wakumbuke chakula. Nikapakia gunia la mahindi. Nikapakia maharage. Mama yangu mzazi aliposikia kule Maguu, akatuma ndizi, viazi na gunia jingine la mahindi, maana mama mkwe wangu ni mkwe wake pia na hakutaka aonekane mchoyo. Jirani aliyekuwa anauliza habari za gharika akaleta maboga. Nyuma ya pikapu kulikuwa kumejaa injini ya boti, madumu ya petroli, magodoro na viti vya mama mkwe alivyokuwa ameomba, kwa hiyo vyakula vyote vikaenda ndani ya boti. Na kwa kuwa boti mbele ni nyembamba na nyuma ni pana, nilivipanga nyuma, vikakaa vizuri sana.

Mume wangu akatoka, akatazama, akavua miwani. Akaniambia kwamba kwenye tela uzito unatakiwa ukae mbele kidogo ya magurudumu, ili kichwa cha tela kikandamize pale kinaposhikana na gari. Ukikaa nyuma, kichwa kinanyanyuka, na mkia ndio utakaoliongoza gari. Akaanza kuchora mkao huo chini kwa kijiti.

Nikamwambia, "Fizikia yako haijawahi kwenda ukweni."

Akafuta mchoro kwa mguu. Jumamosi asubuhi tukaondoka, mimi usukani, yeye kando, boti nyuma yetu imefunikwa turubai la bluu, imeshiba.

Mpaka mashamba ya kahawa yanakwisha nilikuwa naimba. Kisha barabara ikaanza kushuka. Ile lami ya kwenda ziwani ni nzuri, hakuna anayeweza kuilaumu, lakini inateremka kwa kona, kona, kona, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Kwenye kona ya pili nilihisi kitu kimelishika gari kiunoni. Nikatazama kwenye kioo: boti ilikuwa inakwenda kushoto. Nikatazama tena: inakwenda kulia. Nikakanyaga breki, ndipo ikacheza zaidi, inatikisa gari mpaka meno yangu yanagongana. Mungu wangu, niliogopa. Nikaacha breki, nikashusha gia ya pili, nikashika usukani kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe mkorofi, ikapoa kidogo kidogo mpaka tukasimama pembeni. Mume wangu alikuwa anasafisha miwani, na nilijua anachokifikiri, nikamwambia asiseme. Nilimkasirikia kwa kutokusema.

Tukahamisha magunia, moja moja, kuyaleta mbele. Tulipoondoka tena tela lilikuwa tulivu kabisa, na hilo nalo liliniudhi. Lakini gurudumu la kushoto lilikuwa limeshaumia kwenye ule mchezo. Mwanzo lilitoa mlio mdogo, kama kifaranga. Tulipomaliza mteremko na kuingia kwenye tambarare, ziwa tayari linaonekana kati ya miti, kifaranga kilikuwa kimekuwa nguruwe. Tukasimama. Niliweka mkono karibu na chuma cha katikati nikaurudisha upesi. Kilikuwa na moto wa kuchoma ngozi. Grisi ilikuwa imeyeyuka, imetapakaa kwenye tairi, na gurudumu limeinama kama mtu mwenye shingo iliyoteguka. Beringi ilikuwa imesagika. Ya akiba hatukuwa nayo, na ya kununua ilikuwa Mbinga, juu kule tulikotoka.

Hapo nilikaa chini, kwenye majani, na kanga yangu nzuri. Sikuwa nawaza tena mahindi. Nilikuwa nawaza mama mkwe ameketi ufukweni anatazama ule mlima, na kesho kijana atakuja, atafunga mzigo wa mama yake kwenye pikipiki, na kazi itakuwa imekwisha. Kwa sababu ya maboga. Mume wangu alipendekeza tuipakie boti juu ya pikapu. Tukaipima kwa macho, nusu nzima ingening'inia nyuma, na kwenye daraja mbele kulikuwa na askari wa barabarani. Nikaanza kulia, na mimi nikilia sisikilizi mtu.

Vijana waliokuwa wanatoka kufyatua matofali wakatukuta. Hawakuniuliza ninalilia nini. Walimwamkia mume wangu kwa Kinyasa, akawajibu, na kumbe katika maneno machache tu wameshajua yeye ni mtoto wa nani na boti inakwenda kwa nani. Kule ziwani kuna desturi moja ambayo sisi wa milimani hatunayo, kwa sababu hatuna chombo cha kuvuta: chombo kikihitaji kusogezwa, kila anayepita anaweka bega. Haombwi. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanapokea, na mwisho mwenye chombo anawagawia samaki. Wakafungua kamba, wakashusha magunia, wakaigeuza boti kifudifudi, wakairudishia turubai juu, wakaingia chini yake.

Samaki sikuwa nao. Basi niliwaambia magunia yale ni yao, mahindi, maharage, viazi, vyote. Niliyapakia nyuma ya pikapu juu ya magodoro ili niwagawie tukifika. Tela tukaliacha kwenye uwanja wa mzee mmoja aliyeahidi kulilinda dhidi ya watoto.

Sasa uione ile safari. Mbele wanaume wamebeba kitu kirefu mabegani, kimefunikwa turubai, wanaimba wimbo wa polepole kwa sauti nzito ili hatua zilingane. Nyuma yao pikapu inatambaa, taa zote zinawaka, inaendeshwa na mwanamke mwenye macho mekundu. Pikipiki ya kwanza tuliyokutana nayo ilisimama, dereva akavua kofia. Nikadhani ana adabu. Ya pili ikasimama, abiria wakashuka. Akina mama waliokuwa wanatoka sokoni wakaweka vikapu chini, wakakaa kando ya barabara, mikono mashavuni. Basi dogo likazima redio. Ndipo nilipoelewa, nikatoa kichwa dirishani kuwaambia si msiba, ni boti, lakini sauti ilikuwa bado ya kilio, wakanijibu pole sana mama, Bwana ametoa. Mama mmoja mtu mzima alijiunga nyuma yetu, akaanza kulia kwa ufundi mkubwa. Nilishindwa kumzuia. Alilia vizuri mno.

Habari za msiba zina miguu. Kabla hatujafika, Mbamba Bay walishaambiwa kuna maiti inashushwa kutoka Mbinga, na gari la nyuma ni la mkwe wa fulani. Mama mkwe akatoka nyumbani, kanga kiunoni, nyonga zake mbovu zimesahauliwa, analia mwanangu, mwanangu. Mwanawe alikuwa chini ya boti, mbele kabisa, jasho linamtoka, miwani imeteremka puani. Alipomwona, mama mkwe alisimama. Kilio kikakatika. Akavua kanga ya begani, akamchapa nayo, kisha akamkumbatia pamoja na boti, kisha akanijia mimi dirishani.

"Shikamoo Mama," nikasema.

"Marahaba. Mnaniletea boti kama maiti?"

Watu walicheka mpaka yule mliaji akacheka, na hakuondoka bila maboga mawili. Vijana nao niliwagawia mpaka gunia la mwisho likakung'utwa. Kwa hiyo nilifika ukweni na viti vyake mwenyewe na magodoro, zaidi ya hapo sina hata punje. Mama mkwe alisema haijawahi kutokea mkwe akalisha kitongoji kizima kabla hajashuka garini, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananisifu.

Mchana ule upepo uliamka na ziwa likachafuka, tukangoja. Jumapili kulipopambazuka maji yalikuwa yametulia kama yamepigwa pasi. Mume wangu akafunga injini, tukaweka godoro sakafuni mwa boti ili mama mkwe aketi bila kukunja nyonga. Akasimama ufukweni, hataki kuingia. Tukambembeleza. Akanyoosha kidole kwangu.

"Aliyeileta ni huyu. Nisipomwona ndani, siingii."

Weee! Nilijaribu kila kisingizio, pikapu, chai, kichwa. Mwisho niliingia, nikakaa kwenye godoro, nikashika kingo zote mbili kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Mama mkwe akaja akakaa kando yangu, boti ikaitika kwa kushuka kidogo, haikuyumba. Akatabasamu. Mimi nilisali rozari nzima na yeye Mwanglikana akaniitikia salamu zote, kwa upendo tu.

Tulipozunguka mlima tuliona kijiji, na ufukweni pikipiki imesimama, injini inawaka. Begi lilikuwa limeshafungwa nyuma kwa mipira. Kijana mmoja alikuwa anamsaidia bibi mdogo, mwembamba, kuinua mguu apande. Mama mkwe akaanza kuita. Bibi hakusikia, masikio yake hayasikii hata karibu, na tulikuwa bado mbali. Mguu ulishapanda. Basi mama mkwe, ambaye hata kwenye godoro alikuwa anakaa kwa msaada, akasimama. Ndani ya boti. Nilimkumbatia miguu, nikafumba macho, nikamsikia anapunga kanga hewani. Nilipofumbua, yule bibi alikuwa ameshusha mguu, anatazama majini, mkono juu ya macho.

Hawakukimbiliana. Umri hauruhusu. Mama mkwe alishushwa na watu wanne kwenye maji ya magotini, mdogo mtu akaingia kumpokea na viatu vyake vya safari, wakashikana mikono, wakasimama tu majini wanatazamana, wanapapasana nyuso. Kisha wakaanza kusema kwa pamoja, Kinyasa cha haraka nisichokiweza, hakuna anayemsikiliza mwenzake, na walielewana kabisa. Nililia tena. Sijali, nililia.

Kijana aliwapa muda, ni mtoto mwenye heshima. Alizima pikipiki, akangoja, akaja akanisalimia. Jua lilipopanda akamwinamia mama yake sikioni, kwa sauti kubwa, kwamba waondoke kabla ya joto.

Mama yake akanigeukia mimi. Akauliza kwa Kiswahili, ili nisiseme sikuelewa: "Hii boti inarudi tena, au imekuja leo tu?"

Nilimtazama mume wangu na uvuvi wake. Alikuwa anasafisha miwani. Nikasema inarudi, kila Jumapili ziwa likikubali, Mama atakuja.

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu. Akamwambia mwanawe, "Nilikubali kwenda kwa sababu hapa hakuna ninayemwita dada tena. Sasa yupo. Fungua begi."

Kijana alibishana kidogo, kwa adabu, akamkumbusha kwamba nyumba ameshaifunga, vyungu ameshavigawa, na kuku wote ameshawapa majirani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunga kanga vizuri, akamshika dada yake mkono, wakaondoka wawili polepole kuelekea nyumba ya kwanza, kudai kuku.